Wigi la Lodi

Kampuni ya chai ilipouzwa tena
nilitumwa kuorodhesha vitu vya nyumba ya meneja:
viti kumi na viwili, kimoja hakina mguu;
saa iliyogoma saa tatu kasorobo;
pembe za pofu; na yeye,
juu ya meko ya kuotea moto,
koti jekundu, mashavu ya mtu aliyeshiba jana na juzi,
nywele nyeupe zimeviringishwa mikunjo mitatu kila sikio.
Nikaandika: Namba 43. Picha. Mzungu. Fremu nzuri.

Mnadani hakutakiwa.
Dalali alishuka hadi elfu kumi na tano,
ndipo Twilumba, mwenye saluni nyuma ya stendi ya Mafinga,
akainua mkono:
"Huyu nani alimsuka?"

Sasa ananing'inia kati ya orodha ya bei na kalenda ya benki.
Nyuma yake kulikuwa na karatasi,
nami nilikaa nayo wiki mbili, na kamusi, na taa ya sola.
Kwa hiyo wananiuliza mimi.

Edmandi, Lodi wa tatu wa Harkombi.
Alizaliwa mwaka elfu moja mia saba ishirini na moja,
na kabla hajaota meno alikuwa na mito miwili,
vijiji tisa, na kiti kanisani chenye mlango wake.
"Mtoto?" Mtoto.
"Na sisi mwaka ule tulikuwa wapi?" akauliza Sekela wa Tukuyu.
Hapahapa. Ila hatukuchorwa.

Miaka kumi na mitatu, wakampandisha meli ya vita.
Alitapika mpaka Ureno.
Akarudi kapteni, maana mjomba wake alikuwa amirali.
Akaingia Bungeni kwa kura kumi na moja,
na wapiga kura wote kumi na mmoja walikuwa wapangaji wake.
"Hiyo naijua," akasema mama aliye chini ya drayeri,
saluni ikacheka hadi rola zikadondoka.

Aliwahi kuwa waziri. Wiki saba.
Aliwahi kupigana kwa bastola, alfajiri, kwa sababu ya farasi;
akakosa, naye akakoswa,
wakaenda kunywa chai pamoja.
"Chai?"
Ya Uchina. Yetu ilikuwa bado msitu.

"Alioa?"
Alioa mashamba. Mwanamke alikuja nayo.
Karatasi inamwita binti wa fulani, basi.

Kisha kisiwa. Hapa huwa napunguza sauti.
Akapewa ugavana wa kisiwa cha miwa,
akarudi na watu mia tatu na kumi na sita.
Yaani, hakurudi nao. Wao walibaki wakimkatia miwa.
Alirudi na orodha yao.
Wameandikwa chini ya nyumbu, juu ya masufuria.
"Majina?"
Hakuna. Idadi, na bei ya jumla.

Twilumba akazima drayeri.
Akafungua daftari lake la madeni, lililolowa mafuta ya nywele,
kidole kikashuka polepole:
Atukuzwe, elfu mbili.
Mama Lupyana, rasta, kalipa nusu.
Vumilia wa Ifunda, tangu Pasaka.
Hata wa mia tano ana jina, na la mtaa.
Nje ilikuwa ile mvua ya Mufindi
isiyonyesha wala kukatika.

"Alikufaje?" mtu akasema, ili mtu aseme kitu.

Jongo. Miguu ilivimba, akabebwa kwenye kiti
kwenda kupiga kura yake ya mwisho, ya kukataa.
Kukataa nini, sijui. Mende walikula hapo.
Akafa anadaiwa na mshona nguo,
na muuza mvinyo, na mtengeneza mawigi.

"Fundi wa wigi hakulipwa?"
Hakulipwa.

Twilumba akalamba ncha ya kalamu, akaandika:
*Lodi, wa ukutani. Wigi moja.*
Mahali pa kiasi akapaacha wazi.

Akaingia msichana, maji yakimchuruzika mwavulini,
akatazama huku na huku, akanyoosha kidole juu:
"Nataka kama lile. Lakini jeusi.
Na lisiwashe."